Kabla ya Kuongeza Nguvu, Tupakue Mzigo

Desemba iliyopita alinijia kijana mmoja niliyemfundisha fizikia katika shule ya upili, akiendesha gari aina ya Mercedes-Benz C180 la umri wa makamo. Kwenye buti lilibandikwa neno Kompressor kwa herufi za rangi ya fedha, na kwa namna alivyoliegesha, mgongo ukielekea kibarazani kwangu, nilitambua kwamba alitaka nilisome. Baada ya kunijulia hali alisema: "Mwalimu, nataka gari hili liwe na nguvu zaidi na uzito mdogo zaidi. Fundi amenipa orodha."

Niliisoma orodha ile. Kwanza, puli ya supachaja ibadilishwe, itiwe iliyo ndogo. Pili, viti vya nyuma ving'olewe pamoja na mikanda yake ya usalama. Tatu, gurudumu la akiba litolewe. Nne, vyuma vilivyomo ndani ya milango vikatwe. Nilipofika hapo pa nne nilivua miwani.

Nimelileta suala hili mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi kwa sababu orodha ile ni mtihani wa fizikia uliokamilika. Sisi huwakaririsha vijana kwamba kani ni tungamo mara mchapuko, nao huijibu kanuni hiyo bila kupepesa macho. Hata hivyo, aghalabu hatuwaambii kwamba kanuni hiyo ina milango miwili. Anayetaka mchapuko mkubwa aweza kuongeza kani. Aweza pia kupunguza tungamo. Takriban kila kijana hupita mlango wa kwanza, kwa kuwa ndio wenye kelele.

Supachaja ni pampu ya hewa. Injini huvuta hewa, ikaichanganya na petroli na kuichoma. Hewa ikizidi, petroli nayo yaweza kuzidi, na nguvu vilevile. Pampu ya aina iliyokuwa katika gari la kijana wangu, yenye rota mbili zinazozunguka kwa kupishana, ina asili ya kale kuliko magari yenyewe: ndugu wawili wa Marekani, Philander na Francis Roots, waliipatia hataza mwaka wa 1860, wakati ambapo kazi yake ilikuwa kusukuma hewa viwandani. Katika gari huzungushwa kwa mkanda unaotoka kwenye injini yenyewe. Kwa hiyo hailishwi bure: sehemu ya nguvu inayozalishwa huliwa na pampu iliyoizalisha. Ukiipa puli ndogo, pampu huzunguka kwa kasi zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi, lakini hewa hiyo hupata joto jingi. Joto likizidi kiasi, mchanganyiko wa petroli na hewa hujiwasha wenyewe ndani ya silinda na injini huanza kugonga. Pistoni imara hutobolewa na mgongano huo.

Si haki kusema kwamba fundi yule hajui kazi. Injini ile ya sentimita za ujazo 1,796 iliuzwa na kampuni yenyewe ikiwa na nguvu za farasi 143, ikauzwa pia ikiwa na 163, na hata 192. Nafasi ya kuongeza imo. Isitoshe, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa hapa ni kama asilimia 83 ya lile la Mombasa. Supachaja huongeza kile inachokipata. Ikipewa hewa nyepesi, itatoa pungufu. Anayetia puli ndogo jijini Nairobi kwa kiasi fulani anadai tu kile alichonyang'anywa na mwinuko.

Tatizo ni kwamba gari halikai Nairobi. Nilimuuliza kijana wangu Krismasi angeila wapi. Akajibu kwamba angewapeleka mama yake na wadogo zake wawili Mombasa. Basi hebu fikiria, msomaji: puli iliyopimwa kwa hewa ya Nairobi inateremka kilomita 480 hadi usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito na joto la Desemba ni kali. Kila mzunguko wa pampu sasa unasukuma hewa zaidi ya ile aliyoipigia fundi hesabu. Kompyuta ya injini hujitahidi kuchelewesha cheche ili kuinusuru, lakini subira yake ina kikomo. Na hao wadogo zake wangeketi wapi, ilhali viti vya nyuma vimebaki gereji? Hapo alicheka kidogo, kisha akanyamaza.

Nilimsimulia kisa cha Bentley. Mwishoni mwa miaka ya 1920, dereva Mwingereza Tim Birkin alishikilia kwamba gari la Bentley la lita 4 na nusu lifungwe supachaja. Mwasisi wa kampuni, W. O. Bentley, alipinga, kwake yeye, aliyetaka nguvu zaidi angetengeneza injini kubwa zaidi. Birkin alipata mfadhili, pampu ikafungwa mbele kabisa, chini ya rejeta, na gari la barabarani lililokuwa na nguvu za farasi 110 likafikia 175; la mashindano likafikia 240. Pampu ile pia iliongeza uzito puani mwa gari ambalo tayari lilikuwa pande la chuma. Katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka wa 1930, magari yaliyofungwa supachaja hayakumaliza. Walioshinda walikuwa Bentley vilevile, lakini wenye injini ya lita 6 na nusu isiyo na pampu yoyote.

Mwaka huohuo, huko Pau nchini Ufaransa, Birkin alishika nafasi ya pili, jambo la kustaajabisha kwa gari zito kama lile. Aliyemtangulia, Philippe Étancelin, aliendesha Bugatti dogo la lita 2. Nalo lilikuwa na supachaja, kwa hivyo pampu haikuwa na lawama. Tofauti ilikuwa mzigo.

Baada ya hadithi hiyo nilimwomba afungue buti. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wa gari dereva huuona hivyohivyo, kwa kuwa si yeye anayeubeba. Mlikuwamo vipaza sauti viwili vikubwa vya muziki, betri kuukuu, sanduku la spana na mifuko ambayo hata yeye alikuwa amesahau imebeba nini. Tulivipima kimoja kimoja kwa mizani yangu ya kahawa: jumla kilo 91. Gari lake, kwa makadirio yetu, lina kilo 1,450 likiwa tupu. Akapiga hesabu mwenyewe kwa kijiti mchangani, nami nikatazama tu. Kuutoa mzigo ule kulikuwa sawa na kupewa nguvu za farasi 9, bila kulipa hata ndururu. Tena kupungua kwa uzito hufaidi breki, magurudumu na kona; nguvu ya injini haifanyi hivyo. Gari linalotoka kasi ya kilomita 100 kwa saa hadi 120 huongeza nishati yake kwa asilimia 44, na nishati hiyo yote itadaiwa kwenye breki.

Kuhusu vyuma vya milango sikumwachia nafasi ya kubishana. Vyuma vile viliwekwa ili gari likigongwa ubavuni, mlango usiingie mbavuni mwa aliyeketi ndani. Magari ya mashindano huvuliwa mambo mengi, naam, lakini ya kisasa hufungwa kizimba cha chuma ndani kabla hayajaruhusiwa kukimbia. Fundi wa orodha alichukua nusu ya kwanza ya somo.

Kijana aliazima kalamu yangu, akafuta la pili na la nne. Gurudumu la akiba aliliacha mahali pake, maana alikuwa anasafiri. Puli alisema ataifikiria. Vipaza sauti vimo stoo kwangu hadi leo, na kuku mmoja ameanza kutagia ndani ya kile kikubwa.