Fahamu: Flamenko mpya ni muziki gani?

Ni flamenko, muziki wa Andalusia kusini mwa Hispania, uliochanganywa na roki, jazi, bluzi au soul. Sauti ya kilio, makofi na gitaa hubaki; huongezwa besi, dramu na vinanda vya umeme.

Ulianzaje?

Mwaka 1975 bendi ya Triana kutoka Sevilla ilitoa albamu ya El Patio, roki yenye ladha ya flamenko. Mwaka 1979 mwimbaji wa flamenko Camarón de la Isla akatoa albamu ya La leyenda del tiempo. Mashabiki wengi wa zamani waliikataa, haikuuzika. Leo ndiyo inayohesabiwa kuwa mlango wa mageuzi.

Mpiga gitaa wa flamenko Paco de Lucía naye alipiga na wanajazi John McLaughlin na Al Di Meola. Hata kahoni, ngoma ya sanduku ambayo wengi hudhani ni ya Kihispania, aliitoa Peru.

Afrika imo?

Imo. Mwaka 1988 kundi la flamenko mpya la Ketama lilitoa albamu ya Songhai pamoja na Toumani Diabaté, mpiga kora wa Mali.

Mbona kuna ubishi?

Flamenko ilikuzwa sana na Wagitano, yaani Waroma wa Hispania. Mwimbaji Rosalía, Mkatalunya asiye Mgitano, alipovuma na albamu ya El mal querer mwaka 2018, baadhi ya Wagitano walilalamika kwamba anatumia utamaduni wao. Ukitaka kuonja, anza na Camarón.