Kinachousimamisha Ukuta wa Chungu

Ukisimama ufukweni mwa ziwa, wilayani Kyela, na kutazama mashariki, unaiona milima ya Livingstone ikishuka mpaka majini. Chini yake, ukiipita Matema kidogo, kipo kijiji cha Ikombe, ambako wanawake wa Kikisi wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi. Vyungu hupakiwa kwenye mitumbwi na kupelekwa kuuzwa sokoni Lyulilo.

Tazama kidole gumba cha mfinyanzi. Akikikandamiza kwenye ukuta wa chungu kibichi, udongo unasogea kama ugali laini. Akikiondoa, ukuta unabaki wima palepale alipouacha. Haujakauka wala haujapoa, lakini kilichokuwa kikisogea sasa kimesimama.

Kinachousimamisha ni umeme. Chembe za udongo wa mfinyanzi ni vipande bapa, vyembamba kama magamba ya samaki, upana wake hauzidi sehemu mbili za elfu za milimita. Ndani ya kipande, hapa na pale bila utaratibu, atomu ya alumini imeshika nafasi ya silikoni, na kila badiliko la namna hiyo huacha chaji hasi. Kwenye kingo mara nyingi kuna chaji chanya. Basi nyuso zinasukumana, kingo zinazivuta nyuso, na kila kipande kinatafuta pa kukaa katikati ya majirani wasiohesabika.

Ni kama uani kwenye msiba wa ukoo wenye ugomvi. Viti havina mpangilio: huyu yuko juu ya kinu, yule kwenye jiwe, mwingine kwenye mkeka. Kila mtu anataka kuwa mbali na hasimu wake. Mmoja akihama, watatu wanageuka, na wakigeuka hao wanawasumbua wengine. Mwisho kila mtu anabaki alipo, si kwa sababu amepapenda, bali kwa sababu hana njia ya kutoka.

Hali hiyo wanafizikia huiita kioo. Chumvi ni ngumu kwa sababu atomu zake zimejipanga safu kwa safu. Kioo cha dirishani ni kigumu ilhali atomu zake zimetawanyika kama za kimiminika. Elektroni nazo hukwama hivyo ndani ya vitu vyenye kasoro nyingi vikipozwa sana. Mwaka 1975, Alexei Efros na Boris Shklovskii walionyesha kwamba msukumano wa chaji hupunguza mno nafasi ambazo elektroni inaweza kuhamia kwa nguvu ndogo. Ukizivuruga elektroni za namna hiyo, zinaweza kuchukua saa au hata siku kutulia.

Msukumano huu wa chaji hata mama wa nyumbani huuona kwenye ndoo. Mvua za masika zikichafua mito ya Kyela, maji hukaa na tope siku nyingi, kwa sababu chembe zenye chaji hasi zinasukumana na haziungani. Tia shabu kidogo, ukoroge. Chaji chanya za shabu zinaituliza ile hasi, chembe zinashikana, zinazama, na juu yanabaki maji maangavu ya kuchemsha.

Mwaka 1995 Philip Anderson, mshindi wa Tuzo ya Nobel, aliandika kwamba asili ya kioo huenda ndilo swali zito kuliko yote ambalo halijajibiwa katika fizikia ya vitu vigumu. Mpaka leo wataalamu wanabishana kama elektroni zilizokwama zimevuka mpaka halisi wa hali mpya, au zimepungua mwendo tu.

Waswahili walisema udongo uwahi ungali maji. Tulidhani ni onyo la kukauka tu. Lakini ufunike udongo vizuri, usipoteze hata tone, bado utazidi kukaza kadiri unavyolala, kwa kuwa vipande vyake vinaendelea kutafutana na kubanana kimyakimya. Mfinyanzi anapoukanda upya kabla ya kuanza kazi, anavunja makazi yale ya zamani, kila kipande kianze kutafuta upya pa kukaa.