Vidonge, sindano au vijiti: mwanamke anayeswali achague ipi?



Dada zetu wa Masasi na Newala wamekuwa wakituuliza: kati ya vidonge, sindano na vijiti, ipi ina nafuu kwa mwanamke anayeswali? Tunajibu, kwa tawfiki ya Allah.

Kwanza, hukumu. Wanazuoni wengi wamejuzisha kupanga uzazi kwa muda, kwa kukisia azli waliyoifanya Masahaba, kama alivyopokea Jabir (r.a.) katika Bukhari na Muslim. Masharti: mume na mke waridhiane, pasiwe na madhara, na isiwe kufunga kizazi moja kwa moja bila dharura.

Pili, njia zenyewe. Zote tatu ni homoni. Tofauti ni namna zinavyoingia mwilini.

Vidonge humezwa kila siku. Kwa sababu ya kusahau, wanawake kama 7 kati ya 100 hupata mimba ndani ya mwaka. Vyenye homoni mbili hupanga hedhi vizuri, lakini havimfai mwenye presha wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Huyu ana vidonge vyake vya homoni moja.

Sindano huchomwa kila miezi 3. Mimba ni kama 4 kati ya 100. Damu huvurugika mwanzoni, kisha kwa wengi hukatika. Ukiiacha, uzazi huweza kuchelewa miezi 10 au zaidi. Anayetaka mtoto karibuni alifikirie hilo.

Vijiti huwekwa chini ya ngozi ya mkono kwa miaka 3 au 5, kulingana na aina. Mimba haifiki 1 kati ya 100. Vikitolewa, uzazi hurudi haraka. Ila matone yasiyo na mpangilio huweza kuendelea.

Tatu, ibada. Hapa ndipo wengi huacha swala bila haki. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, damu ambayo jumla yake haifiki saa 24 si hedhi. Ikipita siku 15 imechanganyika na istihadha, na mwenye ada yake huirudia ada hiyo. Mwenye istihadha huswali, hufunga, na mumewe hakatazwi kwake. Hujisafisha, huvaa pedi au kitambaa, kisha hutawadha kwa kila faradhi baada ya wakati kuingia. Si lazima aoge kila swala. Hiyo ni rahma kwa watu wa uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina thamani yake. Na aliyekatikiwa na damu kwa sindano ni tohara: anaswali siku zote.

Dada, zungumza na mumeo, kisha nenda zahanati au kituo cha afya cha serikali. Huduma hii haina malipo. Mweleze mhudumu kuhusu presha, kunyonyesha na maradhi uliyonayo. Damu ikiwa nyingi, rudi upesi. Na hesabu ya siku zako ikikutatiza, muulize mwenye elimu kabla ya kuacha swala.

Wallahu a'alam.