Maji Yanayotuama Bustanini: Pima Kabla ya Kununua

Katika Chiwanda na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa, mvua kwa kawaida huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo bustani nyingi za nyumbani hugeuka madimbwi. Mihogo, ambayo ndiyo akiba ya chakula cha kaya, huoza ardhini kabla ya kuvunwa. Mwenye nyumba hukimbilia kununua mabomba au kumwita fundi achimbe mtaro, na fedha hizo huweza kupotea bure ikiwa hajajua maji yanatoka wapi.

Njia ya kujua haina gharama. Siku isiyo na mvua, chimba shimo lenye upana na kina cha sentimita 30 mahali maji yanapotuama. Yakianza kuchuruzika ndani yenyewe, maji ya ardhini yako juu. Shimo likiwa kavu, lijaze, liache linywe, kisha lijaze tena na upime. Yakipungua kwa chini ya sentimita 2 kwa saa, udongo wako ni mzito. Yakinywewa upesi, tatizo ni wingi wa maji yanayoingia bustanini kutoka paani au mlimani.

Pale maji ya ardhini yalipo juu, jambo la kawaida karibu na ziwa, mtaro hausaidii kama hakuna mahali pa chini zaidi pa kuyapeleka. Inua mimea badala ya kuteremsha maji: tengeneza matuta ya sentimita 30 hadi 40, upande juu yake. Hapa inafaa kutoa tahadhari kuhusu ngoro. Mashimo hayo ya Wamatengo wa Mbinga ni ufundi wa kusifiwa. Nyasi zilizofyekwa hulazwa kwa miraba, hufunikwa kwa udongo unaochimbwa katikati, na maharage au mahindi hupandwa kwenye kingo. Lakini kazi ya ngoro ni kuyakamata maji kwenye mteremko mkali yasichukue udongo. Bustani ya tambarare ikichimbwa hivyo itakuwa imeongezewa madimbwi.

Maji ya paa hudharauliwa mno. Mvua ya milimita 20 juu ya bati lenye eneo la mita za mraba 60 hushusha takribani lita 1,200, yaani mapipa sita ya lita 200. Mfereji wa paa na tangi lenye mfuniko huweza kumaliza nusu ya tatizo, na kukuachia maji ya kumwagilia kiangazi.

Kwa maji yatokayo mlimani, chimba mtaro wa kuyakinga upande wa juu wa bustani. Ushuke sentimita 1 kwa kila mita. Mafundi hupima kwa uzi, vigingi na mpira angavu uliojazwa maji. Ukishuka kwa ukali zaidi, maji hula kingo na mtaro hugeuka korongo. Udongo mzito, kwa upande wake, uchanganywe na samadi iliyooza au mboji. Kumwaga mchanga kidogo kwenye mfinyanzi, kama wengi wafanyavyo, huweza kuufanya mgumu zaidi.

Usielekeze maji kwa jirani, chooni wala kisimani. Yasikae mtaroni kwa wiki nzima, kwani muda huo unatosha mayai ya mbu kukaribia kuwa mbu kamili. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Kwa hiyo anayetaka kupeleka mtaro hadi ufukweni aulize kwanza ofisi ya kijiji.

Ukimwajiri fundi, andikianeni urefu na kina cha mtaro, mahali maji yatakapoishia na nani atanunua vifaa. Dai risiti ya kila kifaa. Usilipe fedha zote siku ya kumaliza kuchimba: kubalianeni mapema kuwa sehemu ya malipo itabaki hadi mvua kubwa ya kwanza inyeshe, nanyi mkague pamoja kama maji yamepita.