Reli ndogo ya Looe

Tazameni ramani ya Ulaya. Katika nchi ya Uingereza, upande wa kusini-magharibi, iko sehemu iitwayo Cornwall. Huko pwani kuna mji mdogo, jina lake Looe. Reli inashuka bondeni kutoka mji wa Liskeard mpaka Looe. Urefu wake ni kilometa 14 tu, lakini habari yake ni ndefu.

Zamani watu wa bonde hilo walikuwa wakulima. Udongo wao ulikuwa mkali, na mazao hayakustawi. Dawa ya udongo huo ilikuwa chokaa na mchanga wa bahari. Lakini kupandisha mizigo ile milimani kwa farasi kulikuwa kazi nzito. Basi wakachimba mfereji. Mwaka wa 1828 mashua zilikuwa zikipita humo. Je, mashua ilipandaje bonde? Walijenga vyumba vya maji 24, kila kimoja na milango miwili. Mashua ilipoingia, mlango wa chini ulifungwa, maji yakaletwa kutoka juu, na mashua ikainuka pamoja na maji.

Mwaka wa 1836 watu waliona shaba nyingi katika mlima wa Caradon, juu ya Liskeard. Wachimbaji wengi wakaja. Halafu reli ikajengwa kutoka milimani mpaka mfereji. Magari yaliyojaa mawe ya shaba yalishuka kwa uzito wake yenyewe, na mtu aliyazuia kwa breki. Halafu farasi waliyavuta kurudi juu yakiwa matupu. Huko Looe meli zilipakia mawe hayo na kuyapeleka Wales yayeyushwe, maana huko makaa yalikuwa mengi.

Mizigo ikazidi nguvu ya mfereji. Wenye mfereji hawakungoja washindwe. Mwaka wa 1860 wao wenyewe walifungua reli kando ya mfereji, mpaka baharini. Mwaka wa 1879 watu nao wakaanza kusafiri kwa reli hiyo.

Lakini shaba ilipungua, na bei yake ikaanguka. Katika miaka ya 1880 shimo kubwa la South Caradon likafungwa. Wachimbaji wengi wa Cornwall walihama na jamaa zao, wakaenda kutafuta kazi nchi za mbali. Je, reli bila shaba itafanya kazi gani?

Wageni walipenda kwenda Looe kuona bahari. Lakini reli ya Looe ilikuwa chini bondeni, na reli kubwa ilipita juu sana, darajani. Abiria walipaswa kupanda mlima kwa miguu. Mwaka wa 1901 ikajengwa njia ya kuzunguka mlima, nayo ikaunga reli hizo mbili. Hata leo gari la moshi likitoka Liskeard husimama Coombe, dereva huenda upande wa pili, na gari huondoka likielekea lilikotoka kichwa chake cha nyuma.

Mwaka wa 1963 mkubwa wa reli za Uingereza, Bwana Beeching, alishauri kufunga njia nyingi zisizoleta faida. Ya Looe ilikuwa mojawapo. Siku ya kuifunga iliwekwa. Lakini mwaka wa 1966, yalipobaki majuma mawili tu, waziri Bibi Barbara Castle alikataa. Barabara za Looe ni nyembamba na zenye mlima. Zisingeweza kuchukua wageni wote kwa motokari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Shaba imekwisha, mfereji umekauka, lakini reli ya wachimbaji inachukua watu mpaka leo.

Maulizo
1. Kwa nini wakulima walichimba mfereji?
2. Magari ya shaba yalishukaje mlimani?
3. Nani alikataa reli isifungwe? Kwa sababu gani?