Kuku Aliyejeruhiwa: Lini Kuchinjwa Kwake Kunamhalalisha?



Hutokea sana majumbani kwetu. Alfajiri banda linafunguliwa, mtetea anakutwa ameng'atwa na ngawa, naye bado anapumua. Baba yuko baharini. Mama anatuma mtoto akatafute mwanamme wa kuchinja, na mpaka apatikane kuku ameshakufa. Huyo tena ni nyamafu, hata kisu kikipitishwa shingoni.

Katika Surat Al-Maaidah, aya ya 3, Allah ameharamisha nyamafu, na mnyama aliyekufa kwa kunyongeka, kupigwa, kuporomoka, kupigwa pembe au kuliwa na mnyama mwengine, kisha akawavua wale tunaowahi kuwachinja. Kwa hivyo jeraha peke yake halimharamishi kuku, hata likiwa kubwa. Kinachotazamwa ni uhai aliokuwa nao kisu kilipomfika.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shaafi'iy wameshurutisha uhai huo uwe imara, na alama zake ni kuwa akishakatwa koo la pumzi na la chakula hupapatika kwa nguvu, au damu yake huruka kwa kasi. Kutukutika kidogo kwa ukucha hakutoshi. Ukibaki na shaka, usile, kwa sababu nyama haihalaliki mpaka kuchinjwa kwake kuthibiti. Ama aliyeumwa na maradhi tu, hakugongwa wala hakung'atwa, akichinjwa hata katika pumzi ya mwisho ni halali, kwa vile hakuna sababu nyengine ya kuegemezewa kifo chake.

Tena msingoje mwanamme. Amepokea Al-Bukhaariy kwamba kijakazi wa Ka'b bin Maalik alikuwa akichunga karibu na jabali la Sal', Madina, akamuona mbuzi mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja nalo. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alipoulizwa, akaamrisha aliwe. Mwanamke Muislamu anachinja, hata akiwa katika hedhi. Mila ya kumzuia haina asili, na kuku wangapi wametupwa kwa ajili yake!

Bawa au paja likikatika kabla ya kuchinjwa, kipande hicho ni nyamafu, kuku mwenyewe akichinjwa ni halali. Mate ya ngawa na paka si najsi. Akiwa ni mbwa, palipoguswa paoshwe mara saba, moja kwa mchanga.

Libaki suala la afya, ambalo wengi hulisahau wakishasikia neno halali. Jeraha la usiku huo huo, kata nyama iliyochanika na iliyovilia damu uitupe, iliyobaki ipikwe ikaive barabara. Lakini jeraha la siku nyingi lenye usaha au harufu, au kuku aliyekula sumu ya panya, huyo asiliwe hata akichinjwa vizuri, kwani sheria imekataza kujidhuru. Mzikeni mbali na kisima, musimwachie paka.

Wallaahu A'lam.