Fundi Aliyekataa Kulala Chini

Likizo iliyopita, kwetu Nchelenge, mashua ya chuma ya mjomba ilifumuka mshono chini kabisa. Huvusha watu kwenda kisiwa cha Kilwa katika Ziwa Mweru. Tukaiinua juu ya magogo, tukamwita fundi wa kuchomelea. Akakataa kulala chini yake. Nilimdhania mvivu, kumbe cheti chake hakikumruhusu.

Kwa alama za Kimarekani, mtihani wa kuchomelea mabamba una mikao minne: 1G, kazi imelala, 2G, mshono wa mlalo ukutani, 3G, mshono wa kusimama, na 4G, juu ya kichwa. Chuma kilichoyeyuka hutaka kudondoka kama maji, kwa hiyo aliyefaulu 1G tu haruhusiwi 4G. Vipande vya mtihani hukunjwa kama herufi U. Ufa ukizidi milimita 3, fundi ameshindwa. Bomba lililoinamishwa nyuzi 45, lisilozungushwa, ni 6G: afauluye hilo huruhusiwa mikao yote.

Basi tukaipindua mashua, mshono ukatazama juu, fundi akachomelea. Siku ya pili mama yangu alivuka nayo salama, nami moyoni nikamwomba fundi radhi.